Moja Saba

Gogo la mwisho Oiva alilolipiga muhuri
kabla moyo haujamgomea kando ya msumeno
lilikuwa la 1,111,111
katika hesabu iliyoanzishwa na baba yake.
Moja saba, safu moja,
kama nguzo za simu kwenye theluji ya Kemi.
Ya saba imevuja wino.

"Leo tunaifikia," alisema asubuhi ile akitafuta glavu.
"Hiyo, Hilja, haigawanyiki."
Hilja Ruokamo hakubishana. Alimfunga skafu.
Kubisha kulikuja baada ya mazishi.

Akajiwekea sharti:
kila Jumapili, kahawa ikichemka,
namba tasa moja, isizidi.
Tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake.
Neno analijua. Majirani wamemwita hivyo
miaka ishirini na mitatu, ndani ya sauna,
wakidhani mvuke unaziba masikio.

Mbili: ikabaki moja.
Tatu: ikabaki moja.
Tano, moja. Saba, moja.
Kumi na moja, kumi na tatu:
moja, moja,
kama sahani anayoiosha kila usiku.
Kumi na saba ikabakiza nane
naye akacheka, jikoni, bila mtu.

Shemeji Taneli alikuja na samaki wa moshi.
"Mpe mwalimu, atakumalizia jioni moja."
"Jioni moja hainitoshi," akasema Hilja,
akamkatia mkate.

Desemba, jua likichungulia na kurudi kulala,
mia na thelathini na moja ikabakiza mia kamili.
Usiku huo, kwa kuwa kuzidisha si kugawa,
akaizidisha namba yenyewe kwa yenyewe:
1,234,567,654,321.
Mlima! Unapanda hadi saba, unashuka,
katika nchi bapa kama meza.
Aliuangalia mpaka taa ikaanza kunuka.

Jumapili ya hamsini na mbili
barafu ya mto ilikuwa ikipasuka kwa kishindo.
Mia mbili thelathini na tisa.
Nne. Sita. Nne tena.
Chini ya mstari: elfu mbili mia moja hamsini na moja.
Mara tisa: elfu mbili mia moja hamsini na moja.
Akatoa.
Akatoa tena, kwa kalamu nyingine.
Sifuri.

Na ile 4,649 hakuhitaji kuihoji.
Lau ingekuwa na mgawanyo mdogo
ungejitokeza tangu vuli.
Tasa hii, tasa ile,
na kati yao moja zote saba.

"Umekosea, Oiva," akasema kwa sauti,
maneno ya kwanza kumwambia tangu mwaka jana,
akaandika jibu kwa penseli daftarini mwake,
chini kabisa, pasipo kuugusa wino.

Kahawa ilikuwa imefurika jikoni.
Jumapili iliyofuata hakuwa na la kugawa.
Akachukua taulo, akaenda sauna,
akakaa benchi la juu, penye moto zaidi,
akawaambia majirani wasogee.