Fungu la Tatu

Usoke, mwezi wa tano, mvua ya mwisho imetuchungulia
na karanga ziko nje, juu ya udongo mtupu,
kwa kuwa turubai ni la tumbaku.
Tumbaku ina bani, ina paa,
ina mtu wa kuiamkia usiku akiona wingu.
Karanga zina mimi.

Nakaa na ungo, miguu nimeinyoosha,
Nyanzala kulia kwangu, mama mkwe kushoto.
Tunamenya, tunapepeta, tunachambua.
Vidole vyangu viliishia darasa la nne,
lakini karanga vinazisoma:
nono, nyekundu, isiyo na doa, fungu la kwanza,
la Bwana Hamduni mwenye mizani na kalamu sikioni.
Ngumu, nzima, fungu la pili, mbegu.
Iliyosinyaa, iliyotobolewa,
yenye vumbi la kijani kama ukuta wa bafuni,
fungu la tatu.
La tatu ni letu.

Hakuna aliyeamuru. Mama alifanya hivyo.
"Kizuri huuzwa," husema mama mkwe, "kibaya hutwangwa,
na kinu hakina macho."
Kweli. Ukishaitwanga ukaitia kwenye kansanga
nani atajua?
Ulimi tu, na ulimi hufundishika.

Jumanne akaja mtaalamu na pikipiki.
Wakaitwa wakulima.
Mkulima, kwetu, ni mwenye jina kwenye daftari la chama,
basi wanaume thelathini na mmoja wakakaa ofisini
na kalamu mpya na soda,
nasi wanane tukapika pilau nyuma ya dirisha.
Nilikuwa napepea moto niliposikia neno: sumukuvu.
Haionekani, alisema. Ukiichemsha haifi.
Huingia kwenye ini kama mgeni asiye na siku ya kuondoka,
na mtoto anayeila hudumaa.
Nikaacha kupepea.
"Moto wako!" akasema Nyanzala.
Mimi nilikuwa namhesabu Mhoja:
miaka saba,
na suruali ya mwaka juzi bado inamkaa.

Usiku nikamwuliza Nkwabi wamefundishwa nini.
"Karanga," akasema. "Mambo yenu."
Nikaomba turubai, siku nne tu.
Akacheka, si kwa ubaya,
si mtu mbaya, nalisema hilo mbele ya yeyote,
akanieleza kuwa turubai lina deni
na deni halianikiwi karanga.

Alfajiri nikachimba shimo nyuma ya choo.
Nikalimwaga fungu la tatu lote,
hata kuku sikuwaachia.
Nilipogeuka, mama mkwe amesimama, kanga begani.
Nikangoja yowe.
Akachukua jembe mkononi mwangu, akashindilia udongo,
akashindilia hata palipokwisha kushindiliwa.
"Nilizika wawili," akasema,
"kabla ya Nkwabi. Wakasema ni mchango,
wakasema ni jirani.
Hilo neno la dirishani,
hebu liseme tena."
Nikalisema.
Akalirudia polepole, kama jina la mtu anayedaiwa.

Bwana Hamduni akapima: pungufu kilo nne.
Akapima tena, akapuliza mizani, akamtazama Nkwabi,
Nkwabi akanitazama mimi,
mimi nikatazama moshi wa jikoni.
Yatasemwa ya kusemwa. Kilo nne ni daftari na sabuni,
ni nauli ya kwenda Urambo na kurudi,
sijifanyi sijui.
Na mwakani turubai litakuwa bado la tumbaku.
Nina kitenge cha harusi, kipana, hakijafuliwa mara tatu.
Nitakitandika juani.

Jioni Mhoja akalamba mwiko.
Akatulia. Akalamba tena, upande wa pili,
akanitazama kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.
"Mama," akanong'ona, baba yake asisikie,
"hizi si karanga.
Karanga ni chungu."