Maelezo ya Siku Kumi na Moja

Karani wa Tume ana sauti ya mtu aliyezoea kukataa bila kuudhi.
Alihesabu kwa ncha ya kalamu kwenye kalenda ya ushirika:
"Siku thelathini, mama. Wewe umekuja ya arobaini na moja.
Omba kuongezewa muda. Eleza kila siku moja,
ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini.
Na usiandike nyuma ya karatasi."

Mimi, Somoe Likapa, mtu mzima, Muislamu,
mkazi wa Mikindani, naapa na kueleza kama ifuatavyo:

Siku ya kwanza ya kuchelewa nilikuwa nimelala.
Ya pili pia.
Ya tatu niliamka saa kumi alfajiri, nikafunga kanga ya kazini,
nikafika kona ya duka la mbao ndipo nikakumbuka
sina kazi. Nikarudi na mkate,
watoto wasiulize nilikokuwa.

Mtauliza kwa nini sikuja ndani ya zile thelathini.
Zile thelathini nilikuwa bado naitwa Kapi.
Msimamizi Chitanda ndiye aliyenipa jina,
siku nilipouliza kwa nini ndoo yangu ni kilo tano kwenye mizani
na nne na nusu kwenye daftari lake.
"Kapi halina uzito," alisema, na banda zima likacheka,
wabanguaji mia na ishirini,
kicheko cha watu wanaotaka kubaki.

Miezi minane.
Kigoda changu kiligeuzwa kitazame ukuta.
Majivu ya kupaka mikononi yaligawiwa,
yakaishia kwa jirani yangu.
Nikitoka chooni alitangaza dakika.
Hakunipiga. Naomba hilo liandikwe, hakunipiga hata siku moja,
ndiyo maana sikujua niseme nimefanywa nini.

Barua ya kuacha kazi niliandika mwenyewe.
Karani, umeniuliza mara mbili: uliacha, au uliachishwa?
Mtu akikujazia moshi chumbani ukatoka mbio unakohoa,
utasema umehama?

Ya nne, ya tano na ya sita niliuza ming'oko stendi,
nipate nauli na pesa ya kutoa kopi.

Ya saba alikuja mtu, kwa mlango wa uani, usiku.
Tulibangua pamoja miaka sita, jina lake silitaji.
"Nilisikia yote," alisema. "Usiniandike."
Akaacha sukari robo kilo juu ya kinu, akaenda.
Sijamwandika.

Siku ya nane sikumbuki.
Naapa kwamba sikumbuki.

Ya tisa ilikuwa Jumapili. Hiyo nadhani si kosa langu.

Ya kumi nilifika hadi getini kwenu.
Kwenye benchi ameketi mwanamume mwenye shati la drafti,
kisogo kile kile, namna ile ile ya kutikisa goti.
Hakuwa yeye. Nililijua hilo
nikiwa nimekwisha panda gari la kurudi.

Ya kumi na moja mliita, "Somoe Likapa!"
Nikageuka na wenzangu kumtafuta.
Mliita tena. Mwenye mtoto ubavuni akanigusa bega:
"Si wewe huyo?"

Hati hii nimeiapia kwa wakili, juu ya duka la simu.
Alinishika dole gumba akalichovya kwenye wino,
likatoka doa tupu, halina mstari.
Akajaribu la kushoto. Doa.
Mafuta ya ganda hayabagui, yanakula ngozi ya kila mbanguaji,
ila asiyepata majivu yanamla zaidi.
"Sasa, mama," alisema, "nitajuaje kama ni wewe?"

Nikaomba kalamu.
Niliandika jina langu, la baba, la babu aliyetoka Newala
na la babu yake, kwa herufi kubwa, bila haraka.
Nafasi haikutosha.

Yaliyobaki nimeyaandika nyuma ya karatasi.