Pembeni Kushoto

Barabara ya 381 hupanda kutoka Saint-Urbain
kama mtu aliyesahau kitu kilimani:
hupinda, husita, hukaza mwendo tena.
Miaka ishirini na sita nimeipiga picha,
wiki ya kwanza ya Oktoba,
majani yameiva
lakini bado hayajakubaliana kuanguka.

Normand huendesha, mimi hulenga.
Nikisema simama, husimama,
hata lori la magogo likipiga honi nyuma yetu
na dereva akitutukana kwa vyombo vyote vya altare,
kikombe, sahani na tabenakulo,
kama watukanavyo watu wa kwetu.

Na katika kila picha, kila mwaka,
pembeni kushoto, dirishani kwake,
kiwiko. Shati la mirabaraba.
"Normand, rudisha mkono!"
"Nimerudisha."
Hakurudisha.

Usiku, mezani, nilikuwa namkata,
kwa mkasi enzi za filamu,
baadaye kwa kipanya cha kompyuta,
nikaibakiza miti ya mepo peke yake,
nyekundu ya kaa lililopulizwa,
na mibetula, njano ya kiini cha yai,
na misonobari katikati yao, kijani kile kile,
kama wageni waliofika harusini na nguo za kazi.
Watu walisifu. Kalenda ya parokia ilichapa mbili.
Vile vipande vyembamba vya kushoto
niliwashia jiko.

Mwaka huu anaendesha Maryse, binti yetu.
Leseni ilichukuliwa mwezi wa Machi.
Kiharusi kilikuwa kimetangulia kuchukua mengine.
Normand yuko Baie-Saint-Paul, chumba cha kumi na nne,
dirisha linatazama maegesho ya magari
na mti mmoja
ambao, anasema, hauamini.

Maryse husimama kabla sijasema.
Huzima injini, hukaa wima, mikono mapajani,
kama yuko kwa daktari wa meno.
Tumechelewa: upepo wa Jumanne umeshapita,
nusu ya mlima iko uchi,
majani yamelowa, yamenata kwenye lami
kama stempu za barua zisizokwenda popote.
Nalenga. Nabonyeza. Natazama kwenye kioo kidogo:
ziwa, mteremko, wekundu uliosalia.
Pembeni kushoto hakuna kitu.
Picha safi.
Safi kama meza wageni wakishaondoka.

Nimepiga arobaini, zote safi.
Kwenye kona ya mwisho kabla ya bonde
Maryse akashusha kioo apate hewa,
mkono ukatoka, koti la bluu,
"Samahani, Mama, nimeingia."
"Kaa hapo hapo."
"Nitaharibu."
"Nimesema kaa."
Kamera, hiyo nayo ina mbea wake,
ikakimbilia kiwiko,
ikahesabu kila uzi wa koti,
na mlima wote nyuma yake ukayeyuka
ukawa uji wa rangi, bila jani, bila tawi.

Fundi wa kuchapa aliniuliza, aikate hii ya mwisho?
Nilimwambia asiguse.

Jumapili. Bahasha juu ya blanketi.
Normand anazipitisha moja moja
kwa mkono wa kulia, ule unaomtii.
"Hapa sikuwepo."
Anaweka chini.
"Hapa sikuwepo."
Kama mwalimu anayeita majina siku ya theluji.
Nami nimekaa pale, nasikia arobaini zote,
chai yangu imeshika utando.

Ya arobaini na moja ameishika muda mrefu.
Ameisogeza karibu na dirisha,
akaufunika kwa kidole ule mlima uliovurugika,
akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande uliobaki:

"Huyu naye harudishi mkono."