Nyuzijoto Sitini na Nane

Mimi ni wa Jengo la Kwanza, upande wa kinga.
Miaka kumi na tisa nashika vichupa vya kioo
vyembamba kama njiti ya kiberiti,
ndani yake tone jekundu, na ndani ya tone
kiputo cha hewa kinachopanda na kushuka
kama mgeni anayetafuta mlango.
Nageuza, natazama.
Kiputo kisipotembea, natupa.

Joto likifika nyuzi sitini na nane kioo hupasuka,
maji yakashuka. Hiyo ndiyo ahadi.
Lakini vingi havipasuki kamwe.
Huzeekea darini, hotelini, maktabani,
vikisubiri moto usiokuja,
na subira yao ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Normand yuko Jengo la Tatu, upande wa tiba.
Huingia zamu amefunikwa hadi nyusi:
kofia, barakoa, viatu vya karatasi.
Hapana pete, hapana kupiga chafya.
Hukata mirija ya dripu, mita moja na nusu, mita moja na nusu,
hata usingizini vidole vyake hukata.
Jioni napika supu ya kabichi na soseji, ya kwetu Azori,
naye huilalamikia chumvi
kwa Kifaransa cha bibi yake wa Quebec,
kisha huomba bakuli la pili.

Makao makuu, huko mbali, hatuitwi watu. Tunaitwa vitengo.
Kampuni ilikuwa na kinga, na tiba, na kufuli,
na injini za boti, na hata mbegu za nyasi za viwanja vya gofu.
Mseto huo ni busara, walituambia kwenye karamu ya Krismasi:
mkono mmoja haulei mwana.
Tukapiga makofi. Kulikuwa na keki.

Machi wakaukata mkono, wakauuza.
Barua ilisema ni kwa ajili ya kufungua thamani.
Thamani ilikuwa imefungiwa wapi?
Normand alipekua mifuko ya koti lake,
akatoa tiketi ya basi.
Kinga ni bora kuliko tiba, hunena wapenda misemo,
ila sokoni tiba ndiyo iliyopata bei,
na sisi wa kinga tukabaki na paa linalovuja.

Wakaja mafundi na nguzo, wakapitisha uzio
katikati ya maegesho, juu ya meza ya saruji
tuliyokuwa tukilia chakula cha mchana.
Nusu yake, nusu yangu.
Nilimpitishia chungwa matunduni, kipande kwa kipande.
Mlinzi mpya alitazama pembeni.
Alikuwa mwana wa Dona Idalina, namjua tangu yuko nepi.

Novemba moyo wa Normand ukasita,
saa tisa usiku, ngazini.
Sasa amelala Providence, chumba cha ghorofa ya nne,
na mrija mkononi.
Niliusoma mrija ule kama barua: jina la wenye mali wapya,
namba ya shehena, mwezi wa Juni.
Juni alikuwa zamu ya usiku.
Pengine ni wake. Pengine ni wa Thérèse, anayekata ovyo.

Nikainua macho darini, kwa mazoea.
Kilikuwepo, chetu, kimechongwa mwaka
mmoja kabla sijaajiriwa.
Nani aliyekigeuza, akakitazama, akakipitisha?
Bi Arsenault, labda, aliyenifundisha, Mungu amrehemu.
Chini, tone jeupe linadondoka.
Juu, tone jekundu linakataa kudondoka.
Nilikaa katikati yao hadi mapambazuko
nikihesabu moja, nikililinda jingine.

Muuguzi akaja, akaniuliza natazama nini.
“Kile kimepakwa rangi,” nikasema.
“Kikishapakwa rangi hakisikii joto. Kibadilishwe.”
Akaandika kiganjani kwa kalamu ya wino,
kisha akabadilisha mfuko wa dripu.