Nusu ya Kinywa

Damu ilianza kwenye tufaha.
Nililaumu ganda, nikalaumu baridi ya Dundee,
nikalia upande wa pili.

Kwetu husemwa: ukoo huu meno hutoka mapema.
Mama alibaki na manne kabla ya hamsini,
akayaita wageni waliochelewa kuaga.
Basi nami nikangoja zamu yangu,
nikicheka na kiganja mdomoni,
nikitafuna karafuu kabla ya kushika usukani
ili abiria wa alfajiri wasininuse.

Catriona alishika kijiti cha chuma chenye alama,
akakizamisha pembeni mwa kila jino, akaita namba,
na kijana wa kompyuta akaandika:
tatu. tatu. tano.
mbili. sita.
Sita, akarudia, chinichini,
kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wamelala.
Mimi dereva wa basi, najua vituo;
sikujua kwamba ufizi nao una vyake,
na kwamba baada ya sita kuna saba, kisha pengo.

Nikamweleza habari za Mama. Akatikisa kichwa,
akanionyesha kiooni kile kigaga cha kahawia,
na maneno yake nikayageuza kimoyomoyo:
si ukoo tu, ni ukoga.
Maneno mawili yamekaa karibu hivyo
na mimi miaka ishirini nayachanganya.

Ganzi ikaingia kulia. Shavu likawa la mtu mwingine.
Chombo kikalia kama nyuki ndani ya kopo,
na ukoga ukatoka vipande vipande,
saruji iliyosahauliwa kwenye mwiko.
Kushoto, akasema, wiki ijayo.

Wiki nzima niliishi na nusu ya kinywa.
Usiku ulimi ulivuka mpaka:
huku kigae, kule kokoto,
ukarudi kuhakikisha, ukavuka tena.
Nilionea aibu upande wa kushoto
kama ndugu asiyealikwa arusini,
na bado ndiye niliyemjua.

Mara ya pili haikuwa na hadithi. Nyuki, maji, kutema.
"Hautapona moja kwa moja," akasema, "utatulia,"
akanipa vibrashi vya waridi na vya bluu,
vidogo, mfano wa vya kuoshea chupa ya mtoto,
vya kupita kati ya jino na jino.
Deni la namna hiyo: hulilipi likaisha,
unalilipa lisizae.
Usiku wa kwanza damu, wa pili damu zaidi,
nikataka kuacha.
Alhamisi moja baada ya zamu nikatema,
sinki likabaki jeupe.
Nilisimama pale mpaka mke wangu akagonga mlango.

Jino la pembe si dawa ya pengo,
Mama alipenda kusema, akicheka wazi,
naye hakupata hata la pembe.
Hakuna aliyemwitia namba.

Sasa fizi zimenywea. Meno yameonekana marefu,
na palipokuwa na ukoga pana mwanya;
nikifungua mlango wa basi kituo cha mtoni
upepo wa Tay unaingia hadi kwenye mizizi.
Kila miezi mitatu narudi, naitiwa namba.
Juzi ilikuwa nne. Nikaidai mara mbili.

Nilimpigia dada yangu Mwanatumu nimsimulie,
lakini sasa kila *s* yangu inapiga mluzi.
"Nani huyo," akauliza, "anapuliza filimbi?"
Nikasema: si mtu. Nikacheka,
na mkono wangu, nikauona, ulikuwa mezani.