Nipe Mji

Kitendawili!
Tega.
Mpangaji hakubisha hodi, kazaliwa humo humo ndani,
na kodi anamdai mwenye nyumba.

Nkwimba, ulitegwa hicho ukipima unga dukani Mabatini.
Mkono ukaliacha kopo ndani ya kiroba,
ukashika kifua, ukasema,
"Kuna kitu hapa, kama punje ya choroko."

Hatukujua jibu.
Bugando, kule juu, walijua nusu,
wakakutibu kwa nusu hiyo miezi kumi na tisa.
Na desturi ya kitendawili ni ile ile tangu jikoni kwa bibi:
ukishindwa, toa mji.

Basi mimi Masalu, fundi baiskeli,
mwenye goti linalolia kama bawaba isiyo na mafuta,
natoa miji.

Daftari langu hili hapa.
Mama Bhoke wa dagaa: mia mbili kila kilomita.
Ginasa wa kuchomelea: hamsini, "nikiuza geti, mia."
Mwalimu Nyamizi: elfu tano taslimu, hataki hesabu.
Kijana wa kuosha magari Mwaloni:
"Ukifika nakupa. Ukiangukia njiani, sikujui."
Huyo nimemwandika kwa wino mwekundu.

Daktari Anastela alinionyesha rafu ya maabara.
Kipande chako kimo ndani ya nta,
kidogo kuliko ukucha wa kitindamimba wetu,
kina namba, hakina jina.
Ulitia sahihi mwenyewe, kwa mkono uliovimba:
wachukue, wajifunze.
"Fedha hizi hazitamponya mtu mwaka huu," akasema, hakupamba.
"Zitanunua rangi za kupaka vioo,
tuone kwa nini dawa ile ile ilimsikiliza jirani yake wodini,
yeye ikamgeuzia mgongo."
Nilishika maneno mawili tu: mwaka huu.

Saa kumi alfajiri, baiskeli nzito isiyo na gia,
chupa mbili za uji, pampu, viraka.

Nakupa Kisesa.
Siitaki.

Nakupa Magu.
Lami imeanza kutokota, tandiko limegeuka jiwe la kusagia.
Siitaki.

Nakupa Lamadi.
Hapo goti likagoma.
Nikateremka, nikaikokota.
Daftari linasema kilomita,
halisemi nimekaa juu ya nini.

Muuza matikiti akaniita kivulini,
akaniuliza nafukuzwa na nani.
Nikamweleza.
Akaweka kisu chini,
akajigusa kifua upande mmoja,
pale gauni lilipolala kama shuka kitandani.
"Niandike," akasema. "Mia moja.
Lakini kuanzia hapa mpaka Musoma.
Huko ulikotoka sikukuona."
Akanikatia tikiti, akakataa pesa.
Nikapanda tena. Goti nalo lilikuwa limesikia.

Ziwa liko kushoto, linaonekana, linajificha,
kama mtu anayekusindikiza bila kutaka ashukuriwe.
Nyani wakanitazama Ndabaka,
mmoja akasimama kabisa, kama trafiki.

Nakupa Bunda.
Giza. Tochi nimeifunga kwa mpira wa tairi.
Nililia kidogo, Nkwimba, si kwa ajili yako,
ni mlima tu, na matako.
Nikajua ungecheka.

Saa nne usiku, taa za Musoma.
Maji yale yale ya kwetu,
yamefika kabla yangu wala hayakuhema.
Nimechovya miguu, nimesema kwa sauti,
mlinzi wa mwalo akageuka:
Nakupa Musoma!

Kitendawili kikanyamaza.
Si kwamba kimekubali.
Kimenyamaza kama mtu anayefikiria bei.

Simu ikatetemeka mfukoni.
Ni yule wa wino mwekundu.
Ametuma yote, kilomita kwa kilomita,
na ya kutolea.
Chini ameandika: *Mama yangu pia. Tarime vipi?*

Jumatatu nabadilisha mnyororo.