Hesabu ya Ng'ambo

Duka likifungwa, Jayantilal huchana
boksi la misumari, huandika upande mweupe:
laki tano rupia, benki ya Jamnagar,
asilimia saba kwa mwaka.
"Elfu thelathini na tano. Mwakani
riba nayo itazaa."
Hunipa nihakiki. Nahakiki.
Na kodi je? Rupia ikishuka?
Hufuta kwa kidole gumba, huanza upya.

Miaka arobaini yuko Ng'ambo, Tabora,
mtaani kwetu, vumbi na ndoo za asali;
fedha yake iko ng'ambo ile nyingine,
inanenepa bila kumwona.

Leo nikauliza:
na mshahara wangu wa Machi, bwana,
ulio drooni tangu mvua za mwisho,
nao tuukadirie?

Akafunga kalamu.
"Huo umelala, Mihayo. Usiuamshe."